Njama Zangu Dhidi ya Toleo la Nne

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya msiba! Habari imenifikia saa nne asubuhi, mikono imejaa plasta, meno ya bandia ya juu ya mzee mmoja mstaafu yako mbele yangu yananichekea. Simu ikalia. Nesi, kwenye kundi letu. Ameandika kwa herufi kubwa tupu kwamba Toleo la Nne linakuja.

Kwa faida ya wale watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu: Nyayo za Majitu ni mchezo wa mezani. Tuko watano. Dada yangu mkubwa, mwalimu wa hesabu, ndiye Msimulizi. Yeye anatueleza tumefika wapi na ni kitu gani kinataka kutula. Sisi wanne kila mmoja ana mhusika wake. Tunasema tunataka kufanya nini, tunatupa dadu mbili, dadu zinaamua. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, mezani kwa Dada. Miaka minane sasa, Toleo la Tatu, hatujakosa ila mara mbili.

Mhusika wangu ni Kipepe, jambazi wa ngazi ya kumi na moja. Ana kipaji kimoja tu, lakini ni kipaji! Kinaitwa Ulimi wa Asali. Kipepe akifungua mdomo, kila kiumbe kinamwamini. Aliwahi kulishawishi joka kwamba moto unaharibu meno. Joka likaacha.

Wachapishaji wamewatumia wachezaji kijitabu cha majaribio, kurasa arobaini. Nimekisoma chini ya benchi. Ukurasa wa 17: Ulimi wa Asali umeondolewa, kwa kuwa baadhi ya wachezaji walikuwa wanautumia vibaya.

Baadhi ya wachezaji! Wananisema mimi!

Nesi anaruka kwa furaha, eti mapigano yatakuwa mafupi. Mkutubi, ambaye amekariri majedwali yote arobaini na matatu ya Toleo la Tatu kama mtu anavyokariri majina ya watoto wake, ameona majedwali yamebaki sita. Ameomba ruhusa kazini akapumzike. Fundi Bomba ameuliza kama dadu bado zipo. Ameambiwa zipo. Ametuma kidole gumba. Dada ameandika kwamba tutapiga kura Jumamosi ya tarehe 15. Nukta. Dada akiweka nukta, hata mwenyewe haiondoi.

Jino la mbele la yule mzee nimelipachika kinyumenyume. Daktari wa meno, bosi wangu, amelirudisha. Akaniangalia juu ya miwani.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga hesabu ya kura. Wanaopinga: mimi na Mkutubi. Anayeunga mkono: Nesi. Dada hasemi. Nilipita kwake jioni nikamsifia pazia. Akaniuliza nataka nini. Nikasema upendo wa kindugu tu. Akarudi kwenye madaftari ya wanafunzi wake.

Mama alikuwepo, kwenye kiti chake cha dirishani, anafuma. Yuko kwa Dada tangu Baba alipofariki mwaka jana. Haongei sana siku hizi. Anafuma kitu kirefu cha kijivu ambacho hakuna anayejua ni nini, na hakuna anayethubutu kuuliza.

Kura inayobaki ni ya Fundi Bomba. Yeye hana msimamo. Ni mtu wa kuvutwa. Tatizo ni kumpata atulie, maana siku nzima yuko chini ya sinki za watu.

Nimepata wazo. Sinki! Nahitaji sinki lililoziba.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umefaulu kupita kiasi.

Asubuhi nilimwaga plasta kidogo kwenye sinki la karakana. Kidogo tu, ya kuziba nusu saa. Nilikuwa nimesahau kwamba niliagiza aina mpya, ile inayoganda haraka. Saa tatu bomba lilikuwa jiwe. Saa tatu na robo maji yalikuwa yanarudi juu kwenye chumba cha Daktari, kwenye kile kibeseni cha kutemea, mgonjwa akiwa bado kitini. Mgonjwa alidhani ni sehemu ya matibabu.

Fundi Bomba alikuja. Alilala chini ya sinki saa mbili nzima, na mimi nilichuchumaa pembeni nikimtilia maneno. Nikamwambia Toleo la Nne ni la watu wasio na moyo. Akasema kweli. Nikamwambia wametudharau sisi wachezaji wa zamani. Akasema kweli kabisa, nipe ile spana kubwa. Nikamwambia basi kura yako iko na sisi. Akatoa kichwa, uso umejaa matope, macho yanang'aa. Akasema ndugu yangu, umeona ukurasa wa 22? Kuhani wake, Baba Marhamu, sasa anaweza kuponya watu wawili kwa mpigo! Wawili! Miaka minane ameponya mmoja mmoja kama mtu anayepanga foleni!

Alikata bomba zima akaweka jipya. Daktari ameagiza niandike maelezo ya jinsi plasta ilivyofika huko. Nimeandika kwamba uchunguzi unaendelea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda maktaba saa ya chakula kumwimarisha mshirika wangu. Mkutubi alikuwa nyuma ya kaunta, amefura macho. Nikamchochea vizuri. Nikamwambia jedwali la hali ya hewa milimani limeondolewa kabisa. Akashika moyo. Nikamwambia jedwali la uzito wa kamba nalo limekwenda. Akakaa.

Halafu akasimama, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alisema nimemfungua macho. Alisema kama ni kutetea misingi, basi tuitetee mpaka mwisho. Uharibifu haukuanza na Toleo la Nne, wala la Tatu. Ulianza na la Pili! Atapendekeza turudi Toleo la Kwanza, analo nyumbani, limefungwa kwa karatasi ya nailoni.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, jambazi katika Toleo la Kwanza ana vipaji gani. Akasema hakukuwa na majambazi katika Toleo la Kwanza. Kipepe angeandikishwa kama mpagazi.

Mpagazi! Wa kubeba mizigo ya Nesi!

Ijumaa, 7 Machi

Dada ametangaza kwamba kesho tutajaribu kijitabu, ili kila mtu apige kura anajua anachokipigia. Haki tupu. Nachukia haki.

Lakini akili yangu hailali. Kesho Toleo la Nne litakufa mezani mbele ya mashahidi. Nimetengeneza dadu mbili. Nimetumia plastiki ya waridi ya kutengenezea fizi, na vitone vyeupe nimechonga kutoka kwenye meno mawili yaliyokataliwa. Kazi safi sana, nasema mwenyewe. Ndani, upande wa sita, nimezika kipande cha chuma cha kutengenezea taji za meno. Kwa hiyo sita inavutwa chini, na moja inakaa juu. Nimezitupa mara ishirini. Moja na moja mara kumi na tisa.

Nitaziweka kwenye bakuli la dadu la pamoja. Watatupa moja na moja mpaka wahusika wao wote wafe kabla ya saa kumi. Watasema toleo gani hili lisilo na huruma. Nami nitatikisa kichwa kwa masikitiko.

Jumamosi, 8 Machi

Sina nguvu za kuandika. Nitaandika.

Tulikaa saa tisa. Dadu zangu nilizitumbukiza bakulini Dada alipogeuka kufunga dirisha. Nesi akazisifia, akauliza zimetoka wapi. Nikasema sijui, labda ni za zamani.

Dada akasema kwa kuwa ni majaribio, anaweka mhusika wa ziada, shujaa mzee aitwaye Bibi Shoka, kama kuna mtu anamtaka. Alisema kwa utani. Kutoka dirishani Mama akasema, "Nipeni mimi."

Tukageuka wote. Sindano za kufumia zilikuwa zimesimama. Mkutubi akavuta kiti. Mama akaja akakaa, akanyoosha mkono bakulini, na kati ya dadu zote zilizomo akachukua zile za waridi.

Jitu la kwanza likatokea darajani. Mama akatupa. Moja na moja. Nikainamisha kichwa kwa heshima ya marehemu Bibi Shoka.

Dada akapiga meza kwa kiganja. "Pigo kuu! Jitu limekatika vipande viwili!"

Ukurasa wa 3. Sikuusoma ukurasa wa 3! Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa 17. Katika Toleo la Nne wamepindua dadu: namba ndogo ndiyo ushindi.

Mama alikata majitu tisa. Tisa! Kufika la nne alikuwa amesimama. La sita alipiga kelele mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna usalama. La nane Bibi Shoka alimwambia jitu, "Rudi kwa mama yako ukafundishwe adabu!" na Fundi Bomba akaanguka kutoka kitini kwa kucheka. Mama mwenyewe alicheka hadi meno yake ya chini, niliyomtengenezea mimi kwa mikono hii, yakatoka mahali pake. Akayarudisha, akaendelea kucheka.

Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana. Dada alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuleta glasi ya maji.

Jambo zuri. Sisemi si jambo zuri. Lakini sasa wote wanalipenda Toleo la Nne, na Mama amepewa kura.

Na dadu ameziweka mfukoni mwa sweta yake. Anasema zina bahati.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaza siku nzima. Jana kicheko kiliwapofusha, lakini mtu yeyote akizitupa zile dadu mara nne mfululizo kwa utulivu nimekwisha. Miaka minane ya heshima! (Dada angesema mingapi ya heshima? Asiulizwe.)

Suluhisho: nitengeneze jozi nyingine inayofanana kabisa, isiyo na chuma. Nizibadilishe. Hakuna atakayejua. Wakati mwingine nashangaa kwa nini mtu mwenye kichwa kama changu anatengeneza meno.

Jumanne, 11 Machi

Nimetoka kazini mapema, nikisingizia tumbo. Dada alikuwa shuleni. Mama alinipokea vizuri sana, akaniambia nimekonda, akaenda kuchemsha chai. Sweta ilikuwa juu ya kiti.

Nilitoa za zamani, nikaweka mpya. Sekunde tatu. Ningeondoka hapo ningekuwa mtu huru. Lakini roho ikaniambia hakikisha. Nikazitoa tena zile mpya, nikaweka zote nne mezani kulinganisha. Mlango wa jikoni ukalia. Nikazikumba zote kwa kiganja. Mbili nikasokomeza mfukoni mwa sweta, mbili mfukoni mwangu.

Mama akaniuliza natafuta nini kwenye sweta yake. Nikasema nilikuwa napima mfuko, nimevutiwa na ushonaji. Akaniangalia kwa muda. Akasema vizuri, kwa kuwa napenda ushonaji, kuna mapazia mawili ya kupinda. Nimepinda mapazia mpaka saa kumi na mbili.

Nyumbani nimezitupa nilizonazo. Moja inatoa moja kila mara. Nyingine inatoa inachotaka.

Kwa hiyo mimi nina dadu moja nzima na moja yenye dhambi. Na Mama vivyo hivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Mambo yamechacha. Mkutubi ameandika kwenye kundi kwamba Toleo la Nne likipita, yeye atatushukuru kwa yote na kubaki nyumbani. Nesi amejibu kwamba likishindwa, yeye ndiye atakayebaki nyumbani. Anasema wiki nzima yuko wodini amesimama, ana alasiri moja tu ya kwake, na Jumamosi iliyopita Toleo la Tatu lingetumia saa tatu kuamua kama mshale umegusa bega au kiwiko. Hakuweka hata kikatuni kimoja.

Dada amenipigia simu. Yeye hanipigii simu, huniita. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema kura ikiwagawa watu, ataifunga meza, maana hawezi kuwasimulia watatu hadithi aliyowaandikia wanne. Alisema Mama amekuwa akiuliza kila siku ni lini Jumamosi.

Baada ya simu nilikaa tu. Sikuwa na mpango wowote. Hali ya kutisha sana.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea, hata yale yanayoniaibisha. Karibu yote ni hayo.

Kura ilipigwa kwa mikono. Wanaotaka Toleo la Nne: Nesi, Fundi Bomba, Mama. Wasiotaka: mimi, Mkutubi, na... Dada! Nilimtazama mdomo wazi. Akasema, bila kutuangalia, kwamba ana majalada tisa kwenye kabati. Kila pango, kila mto, kila mlinzi wa lango amemchora kwa mkono wake. Toleo jipya likija vyote vinakuwa karatasi za kufungia vitu.

Tatu kwa tatu. 

Fundi Bomba akapendekeza tutupe dadu. Shufwa, Toleo la Nne. Witiri, tunabaki. Wote wakakubali, hata Mkutubi, kwa kuwa Toleo la Kwanza lina kanuni kama hiyo. Mama akaingiza mkono mfukoni mwa sweta, akatoa dadu moja ya waridi.

Moja ni witiri! Kama ni ile yenye chuma, nimeshinda! Kama si ile, Mungu anajua. Mama akaitupa. Ikabiringika, ikazunguka karibu na bakuli, ikayumba kidogo kwa namna ninayoifahamu vizuri sana.

"Moja!" nikapiga kelele, nimeruka juu, mikono hewani.

Dadu ilikuwa bado haijasimama.

Ikasimama. Moja.

Nesi akaniuliza taratibu, "Umejuaje?"

Nikasema hisia. Mama akaiokota, akaitupa tena. Moja. Tena. Moja. Mara ya nne hakuna aliyetazama dadu. Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Mwanangu," Mama akasema, "mimi nina fizi za rangi hii mdomoni mwaka wa tatu sasa. Ulidhani sitaijua?"

Alikuwa anajua! Tangu Jumamosi ya kwanza! Dada akauliza kwa nini hakusema. Mama akajibu kwamba alitaka kuona nitafika wapi, na pia kwamba kukata majitu tisa kulikuwa kutamu mno kukatisha. Halafu akawaeleza habari ya mapazia. Fundi Bomba, ambaye kichwa chake huwa kinachukua muda kupata moto, akaniuliza kama na lile sinki pia. Nikasema na lile sinki pia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema katika maisha yake ya ufundi hajawahi kubembelezwa kwa gharama ya bomba zima.

Kura yangu ikafutwa. Tatu kwa mbili. Toleo la Nne limepita.

Hakuna aliyeshangilia. Mkutubi alikuwa ameshaanza kukusanya penseli zake, anazipanga kwa urefu kwenye kikasha, polepole. Nesi alimtazama kama mtu aliyeshinda kitu asichokitaka.

"Baba," Mama akamwita Mkutubi, "unaogopa nini hasa?"

Mkutubi akasema haogopi. Halafu akasema ni yale majedwali. Amekaa nayo miaka minane. Mtu akiuliza kitu hapa mezani, wote wanamgeukia yeye. Jumamosi ijayo hakuna atakayemgeukia. Atakuwa hajui kitu kama mgeni yeyote.

"Mimi mwaka jana nilihama nyumba," Mama akasema. "Miaka arobaini na moja nilijua hata ubao gani wa sakafu unalia. Nimekuja hapa, nikawa sijui swichi ya taa iko wapi. Mtu mzima, napapasa ukuta. Nikasema basi, nikae dirishani, nisimsumbue mtu. Mpaka mlipovuta kile kiti." Akakipiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja. "Mimi nina wiki moja mezani. Hata kuhesabu mapigo bado nakosea. Kaa hapa tujifunze wote. Wewe utakuwa wangu wa kuulizwa."

Mkutubi akabaki ameshika kikasha. Akakifungua. Akaanza kupanga penseli upya, upande wa Mama. Nesi akamsogezea kijitabu, na Mkutubi akasema kwamba ukurasa wa 9 una kosa la chapa.

Dada naye alikuwa anapangusa miwani iliyokwisha kuwa safi. Fundi Bomba akamwambia lakini Mwalimu, mito si inabaki kuwa mito? Walinzi wa lango hawajui tunatumia toleo gani. Dada akafikiri. Akatoa chini ya meza kijitabu chake cha majaribio. Kimechorwa kwa penseli kila ukurasa, tena kwa rangi mbili! Alikuwa amekisoma mara mbili kwenye chumba cha walimu. Alikuwa anakitaka na hakitaki kwa wakati mmoja, kama sisi sote.

Kisha akanigeukia. Nilijiandaa kufukuzwa. Akasema leo tunacheza Toleo la Tatu kwa mara ya mwisho, tuwaage wahusika wetu vizuri. Na Kipepe ataanza.

Akamleta Mfalme wa Majitu. Tumemkimbia miaka minane. Akamsimamisha mbele ya Kipepe, peke yake, kwenye uwanda mtupu. Nikapewa dadu za Nesi. Za kawaida, zilizokaguliwa na watu watano. Nikatupa. Sita na tano! Ulimi wa Asali!

Nikasimama. Sikuwa nimepanga maneno. Kipepe alimwambia Mfalme kwamba naye amechoka. Kwamba amekimbia sana, na amedanganya sana, na zaidi ya yote aliwadanganya wenzake, nao hawakumwacha njiani. Akamuuliza kama yeye, katika ukubwa wake wote, ana watu watano wa kukaa nao. Mfalme wa Majitu akasema hana. Kipepe akamwambia basi weka rungu chini, ukatafute.

Dada akafunga jalada lake. Akasema rungu limewekwa chini.

Walipiga makofi. Hata Mkutubi. Mimi niliingiwa na vumbi la plasta machoni, ingawa sikuwa kazini.

Adhabu yangu ni kuwachongea wote sanamu ndogo za wahusika wao wapya. Mama anataka Bibi Shoka awe na meno yote.

Jumamosi, 22 Machi

Kitabu kimefika! Kurasa mia tatu, kinanukia wino. Tumecheza saa tatu, tumepigana mara nne, na tumecheka bila kupumzika. Mama kwa dadu za kawaida ni balaa tupu: ametupa vibaya mara saba mfululizo, Bibi Shoka ametumbukia kwenye kisima, na ameshangilia kama ameshinda. Mkutubi alimvuta kwa kamba. Kitabu hakisemi kamba ina uzito gani. Mkutubi amemwambia Dada uzito. Dada ameuandika.

Mhusika wangu mpya ni mganga wa mitishamba, mtu mkweli sana. Nimeapa. Nimegeuza ukurasa. Kuanzia leo mimi ni mtu wa njia iliyonyooka, na naona fahari kuandika hivyo.

Jumatatu, 24 Machi

Janga!

Mama alikuja kliniki asubuhi kukazwa meno ya chini, yamelegea kwa kucheka. Akiwa kitini akamsimulia Daktari habari zote za mchezo wetu. Zote sijui ni zipi, maana alikuwa na vifaa mdomoni. Baadaye Daktari akaja karakanani, amevua miwani, uso laini ambao sijawahi kuuona kwake. Akasema siku zote amekuwa akitamani kitu kama hicho. Akauliza kama kuna nafasi ya mtu mmoja.

Bosi wangu! Mezani! Karibu na Fundi Bomba, ambaye hawezi kumaliza dakika kumi bila kusimulia sinki!

Ningeweza kusema ukweli. Wazo hilo lilipita, nikalisalimia, likaenda zake. Nikamwambia nafasi ipo, ila tunacheza Jumapili, saa moja asubuhi, nyumbani kwangu. Hakuna binadamu atakayekubali saa moja asubuhi siku ya Jumapili.

Akasema safi kabisa, yeye huamka saa kumi na moja. Atakuja na mkewe.

Nina siku sita. Ninachohitaji ni meza, kitabu cha pili, na watu watano wa kujifanya kundi letu. Mlinzi wa kliniki ameshakubali kuwa Dada. Anauliza tu kama ni lazima avae miwani. Safari hii nimefikiria kila kitu.